Mganga wa Karema

Ukitoka mjini Mpanda kwenda magharibi, baada ya zaidi ya kilomita 100 utafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Je, unajua kwamba wagonjwa walitibiwa hapo hata kabla ya mji wa Mpanda kukua?

Mpanda ilikua kwa madini ya risasi na kwa reli ya kutoka Kaliua, iliyofika yapata mwaka 1950. Wakati huo mganga mmoja alikuwa amekwisha kufanya kazi Karema kwa miaka 60. Jina lake Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866, kwenye mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Alipokuwa mtoto aliibwa, akauzwa kama mbuzi, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alitaka Waafrika wasomee uganga, wakaishi na watu na kuwatibu. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma katika chuo kikuu.

Mwaka 1888 alifika pwani yetu. Reli haikuwapo. Alikwenda na msafara kwa miguu, akafika Karema mwaka 1889. Hakurudi kwao. Alimwoa Agnes Wansahira, msichana wa huko. Mtoto wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923.

Kazi ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua watu wengi sana kando ya ziwa. Ugonjwa huu huletwa na mbung'o, na mbung'o bado wako katika mapori ya Katavi. Mgonjwa huanza kwa homa na kuumwa kichwa. Baadaye akili huchanganyikiwa, naye husinzia mchana. Asipotibiwa hufa. Mwanzo wake unafanana na malaria, na hapo ndipo watu hudanganyika. Je, una homa, na uliumwa na mbung'o ulipokwenda kurina asali au kukata miti? Mwambie mganga wa zahanati jambo hilo, ili damu yako ipimwe kwa hadubini. Siku hizi dawa zipo.

Atiman aliishi Karema miaka 67. Alifariki mwaka 1956. Ukifika Sumbawanga, utaiona hospitali yenye jina lake.