Fedha ya Mtaji Si Fedha ya Chakula

Sambaza ni samaki mdogo, lakini katika mji wa Bukavu jamaa nyingi huishi kwa faida yake. Hakuwako tangu zamani katika ziwa Kivu: aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi humvua usiku kwa mwanga wa taa. Asubuhi akina mama humnunua ufukoni, humbeba kwa beseni mpaka sokoni Kadutu au penginepo, na kumwuza kwa vipimo vidogo.

Kazi hiyo haina mshahara, wala haiandikwi katika vitabu vya serikali. Walakini yalipa karo ya watoto wengi. Adui yake ni jua. Samaki asiyeuzwa leo, kesho anuka, isipokuwa amekaushwa au kukaangwa. Siku moja mbaya yaweza kumaliza mtaji mzima.

Benki haipendi kumkopesha mtu asiye na rehani. Ndiyo maana akina mama hufanya likelemba. Tuseme wako 10, na kila mmoja atoa franka 5,000 kwa juma. Kila juma mmoja wao apokea franka 50,000. Baada ya majuma 10 wote wamepokea sawasawa, bila riba. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake, wa mwisho amejiwekea akiba. Rehani yao ni uaminifu tu: mmoja akipokea mapema kisha akaacha kutoa, mzigo wawaangukia wote.

Zamani sheria yenyewe ilimfunga mwanamke. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mapatano. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa yawapasa mume na mke wapatane.

Lakini hakuna sheria inayolinda mfuko nyumbani. Mgeni akija, mtoto akiugua, matanga yakitokea, wote hutazama fedha ya mama. Basi, enyi akina mama, tengeni mtaji, faida na likelemba mbalimbali, mkaandike kila jioni, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi waume, msichukue bila kuuliza. Anayetumia leo fedha ya beseni la kesho, amekula chakula cha mwezi mzima kwa siku moja.