Kemikali za Chuo Kikuu na Kazi ya Askari



Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilifunguliwa mwaka 1989, kikaanza kwa kufundisha udaktari. Kazi hiyo haifanyiki bila formalini ya kuhifadhia maiti, wala sayansi haifundishwi bila asidi na spiriti.

Askari ataelewa habari hii upesi kuliko raia. Katika ghala la silaha viwashio haviwekwi pamoja na baruti, na kila kitokacho huandikwa daftarini. Kemikali nazo ni vivyo hivyo. Kuzipanga kwa herufi za majina, kama vitabu vya maktaba, ni kosa kubwa, kwani asidi ya nitriki ikichanganyika na asetoni huweza kulipuka. Hazina budi kupangwa kwa tabia zake.

Je, moto ukizuka maabarani usiku, nani huitwa? Ni kikosi cha zimamoto, ambacho katika Uganda ni sehemu ya Polisi, nacho hufika na maji. Lakini sodiamu, itunzwayo ndani ya mafuta, ikiguswa na maji hutoa gesi ya haidrojeni ambayo huwaka papo hapo. Maji yakimwagwa juu ya asidi kali ya salfuriki, asidi huchemka na kumrukia mmwagaji. Kwa hiyo orodha ya vilivyomo katika kila chumba yapasa iwe langoni kwa mlinzi, si kabatini mwa mkuu wa idara aliyelala nyumbani kwake. Polisi waidai mapema, wala wasione haya mbele ya wasomi. Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa maabara alimwagikiwa na kemikali iwakayo ikigusa hewa. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki Januari 2009.

Kuna pia vyombo vitupu, ambavyo watu huvisahau. Jerikani iliyobeba formalini ikiuzwa kwa wachuuzi, yaweza kufika Kabingo, au makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako chombo cha kutekea maji ni mali. Mama aliyekimbia vita vya Kongo atajuaje kilibeba nini? Formalini huunguza macho na koo, na tangu mwaka 2004 imo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani. Vyombo hivyo vitobolewe kabla ya kutoka chuoni. Na askari wa kizuizini akiona shehena ya jerikani zenye alama ya fuvu, aulize zimetoka wapi na zinakwenda kwa nani.