Diski ya bandia shingoni: kweli ni ipi, uongo ni upi?

Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na Kolwezi ndiyo moyo wa uchimbaji huo. Tunajua kwamba kobalti huingia kwenye betri. Wachache wanajua kwamba ikichanganywa na kromu hutengeneza pia viungo vya bandia, zikiwemo diski zinazowekwa shingoni.

Shingo ina diski sita, zinazokaa kati ya pingili. Moja ikipasuka na kubana neva, maumivu hushuka begani hadi vidoleni. Upasuaji wa kuibadilisha una sifa nyingi, na sifa zikisafiri kutoka Kolwezi hadi Musumba huongezwa chumvi njiani. Tuzipime.

1. Shingo ikiuma na mkono ukafa ganzi, lazima upasuliwe.
SI KWELI. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache kwa dawa za maumivu, mazoezi na kupunguza mizigo. Kisu huja pale nafuu inapokataa kuja, au neva na uti wa mgongo vinapozidi kudhurika.

2. Aliyezoea kujitwika mizigo tangu utotoni hadhuriki.
SI KWELI. Mwaka 2002, watafiti Echarri na Forriol walichapisha uchunguzi wa picha za shingo za wabebaji kuni wa Kongo. Walikuta uchakavu mwingi zaidi kwa wabebaji kuliko kwa wasiobeba. Hata hivyo, picha mbaya si lazima iwe na maumivu: kuna wenye diski zilizochakaa wasiohisi chochote. Mama anayejitwika gunia la makaa asihukumiwe kwa picha peke yake.

3. Diski ya bandia inashinda njia ya zamani ya kuunganisha pingili.
KWELI KWA SEHEMU. Kuunganisha pingili kulianza miaka ya 1950 na bado kunasaidia wengi. Shida ni kwamba pingili mbili zikiwa kitu kimoja, shingo hupoteza mwendo mahali hapo, na diski za jirani zinaweza kuchakaa pia. Diski ya bandia ilibuniwa ili mwendo ubaki.

Nchini Marekani, wagonjwa 209 walifuatiliwa hadi miaka 7 katika jaribio la ProDisc-C, diski yenye mabamba ya kobalti na kromu. Waliohitaji kupasuliwa tena walikuwa 7% kwa wenye diski, na 18% kwa waliounganishwa. Lakini kwa maumivu na uwezo wa kufanya kazi, makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kubwa. Faida ya wazi ilikuwa kuepuka upasuaji wa pili.

4. Ukishawekewa, una shingo mpya: rudi kwenye magunia.
SI KWELI. Kwa baadhi ya watu mfupa huota kuizunguka diski na kuizuia isicheze. Nyingine hulika taratibu au kulegea. Diski tano zilizobaki ni zilezile za zamani, na mzigo utazikuta palepale.

5. Mwenye fedha yeyote anaweza kuwekewa.
SI KWELI. Haifai kwa mwenye mifupa dhaifu, mwenye maambukizi kama kifua kikuu cha uti wa mgongo, wala kwa ambaye viungo vya nyuma ya shingo vimeshachakaa sana. Tena anahitaji picha ya IRM (MRI) kabla, daktari aliyebobea, na vipimo vya kumfuatilia miaka mingi baadaye.

6. Kinyozi akiikunja shingo mpaka ilie, diski hurudi mahali pake.
SI KWELI. Mlio huo si wa diski kurudi. Kuizungusha shingo kwa nguvu kunaweza, ingawa ni nadra, kuchana mshipa wa damu uendao kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Basi usiikimbilie diski ya bandia, wala usiiogope. Ila ukiona mikono inaangusha vitu, miguu inayumba au mkojo hauzuiliki, usingoje mazoezi wala mitishamba. Hizo ni dalili za uti wa mgongo kubanwa: nenda hospitali siku hiyohiyo.