Njia Panda za Pembezoni (2): Foleni Ihesabiwe Mkiani

Wiki iliyopita tuliishia Tazara jijini Dar es Salaam, chini ya Daraja la Mfugale. Tangu 2018 magari ya Barabara ya Nyerere yanapita juu, lakini ya Mandela bado yanasubiri taa pale chini, kwa sababu daraja la juu huokoa mkondo uliojengewa tu. Leo tuyaache mazege, twende nje ya mji, mahali kama Goba Njia Nne, zinapokutana barabara za Mbezi, Tangi Bovu, Madale na Makongo. Barabara za upande huo zilitiwa lami ili kuzipunguzia mzigo barabara za Morogoro na Bagamoyo. Lami ilipofika, viwanja vikauzika, nyumba zikaota, na mchepuo nao ukawa na foleni yake.

Mhandisi anayetaka kujua afya ya njia panda huanza kwa kuhesabu. Vijana wenye karatasi husimama kila upande asubuhi na jioni, wakitia alama kwa kila chombo: kimetoka wapi, kimekata wapi, ni cha aina gani. Kila dakika 15 hufunga hesabu na kuanza upya, maana saa nzima huficha zile dakika chache ambazo mambo huharibika. Lori na basi huhesabiwa zaidi ya gari dogo moja, pikipiki chini ya moja. (Kanuni hiyo iliandikwa na watu ambao hawajawahi kuona bodaboda thelathini zimejipanga mbele ya mstari.)

Hapa ndipo tathmini nyingi hupotoka. Anayesimama mdomoni mwa njia panda anahesabu waliopita, si waliotaka kupita. Leni moja ikiwaka kijani mfululizo hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa, yaani moja kila sekunde mbili. Ukiipa nusu ya muda, haitazidi 900, hata yakija 1,500. Karatasi itaonyesha 900 mwaka huu, 900 mwakani, na ofisini ataonekana mtu akiandika kwamba magari hayajaongezeka. Kumbe foleni imeshapita kituo cha mafuta na kufika shuleni. Ndiyo maana lazima awepo mtu mwingine mkiani, anayeandika foleni imefika wapi kila baada ya dakika chache.

Sasa tumwangalie trafiki. Foleni ikizidi, taa huzimwa au hupuuzwa, naye huingia katikati na kuuachia upande mmoja dakika tano, wakati mwingine zaidi. Nia ni njema, na hesabu yake ina mantiki: kila anapobadilisha upande, sekunde kadhaa hupotea bure, basi akibadilisha mara chache atapoteza kidogo. Lakini tazama leni ya kukatia kulia yenye urefu wa mita 60. Inabeba magari kama kumi. Kijani kikiwaka, kumi hayo yanaondoka ndani ya sekunde 20, kisha leni hiyo inabaki tupu, kwa sababu wanaotaka kuingia humo wamebanwa nyuma kwenye leni moja ya barabara. Dakika zote zinazobaki, nusu ya mdomo haifanyi kazi. Upande wa pili nako, yakija magari kumi kwa dakika, dakika tano za kusubiri zinapanga magari 50, kama mita 300, na hapo yanaziba njia panda inayofuata.

Mwingereza F. V. Webster alitoa kanuni ya mzunguko wa taa mwaka 1958, na bado inatumika. Chukua sekunde zinazopotea katika mzunguko mmoja, zidisha kwa 1.5, ongeza 5, kisha gawanya kwa sehemu ya uwezo ambayo haijatumika. Zikipotea sekunde 10 na mahitaji yakiwa asilimia 70 ya uwezo, mzunguko unaofaa ni sekunde 67 hivi. Yakifika asilimia 90, ni sekunde 200. Hata hapo hazijafika dakika kumi za trafiki anayeuachia kila upande dakika tano. Yakifika mia, kanuni inagoma kabisa, na hapo ndipo inapobidi kuigusa barabara yenyewe.

Kuigusa si lazima kuwe daraja. Ningeanza na kituo cha daladala. Daladala ikisimama sekunde 20 kwenye mdomo wa leni moja iliyopewa kijani cha sekunde 40, imekula nusu ya haki ya wote walio nyuma yake. Kituo kikihamishiwa ng'ambo, baada ya kuvuka njia panda, na kikachimbiwa kando ya lami, nusu hiyo inarudi, na abiria anatembea hatua chache tu. Abiria huyo naye ahesabiwe: daladala iliyojaa ina watu wengi kuliko magari kumi ya mtu mmoja mmoja, ila kwenye karatasi inaandikwa kama gari moja na kitu.

Baada ya hapo ndipo leni ya kukatia kulia irefushwe, na mifereji ifunikwe ili mwenda kwa miguu asitembee juu ya lami. Kazi hizi hazina uzinduzi wa utepe, na nadhani ndiyo sababu huchelewa.

Wiki ijayo tutakichukua kipilefti: kwa nini hufanya vizuri mikondo inapolingana, na kwa nini hukwama mkondo mmoja unapokitawala.