Tembo hawasomi Hansard

Mtama unapoanza kubeba, usiku wa vijiji vya mashariki mwa Bunda hubadilika. Watu hupanda dunguni na tochi, debe na filimbi, wakakaa wanasikilizia. Ndege unaweza kumwamia mchana kwa kombeo. Tembo haamiwi. Husikika kwanza kwa mabua yanayovunjika, na ukimwona kwa macho ujue ameshakula sehemu yake. Kundi likiingia saa nane za usiku, alfajiri mwenye shamba hahesabu magunia aliyopoteza, anahesabu ekari.

Mugeta ni kata ya upande huo, katika Jimbo la Bunda Vijijini, Mkoa wa Mara. Unaiacha barabara kuu ya Mwanza–Musoma, unaelekea mashariki kwenye nchi ya Waikizu, na kadiri unavyosonga ndivyo mashamba ya pamba, mtama na muhogo yanavyosogeleana na pori. Mbele yako ni mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yenyewe, kilomita za mraba 14,763. Kwa mtalii, huo ndio mlango wa nchi ya nyumbu. Kwa mkulima ni jirani asiye na ukuta.

Sasa tulihamishe shamba hilo hadi bungeni Dodoma.

Saa tatu asubuhi Spika anaingia, dua inasomwa, kisha Katibu anaita maswali. Swali la msingi limeshaandikwa na kuwasilishwa siku nyingi kabla, na limeshapitia mikono ya maofisa wa Wizara. Mbunge anasimama, anataja namba ya swali lake, anaketi. Waziri au naibu wake anasoma jibu lililochapwa. Mbunge anainuka tena kwa maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo unapomjua mbunge wa kijijini, kwa sababu hapo hakuna karatasi ya kumlinda. Anayejua kijiji chake atataja mto, daraja, jina la kitongoji. Asiyejua atashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali.

Katiba, Ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ni maneno mazito. Katika utekelezaji yanageuka kuwa dakika chache za asubuhi zinazogombewa na watu wengi. Uchaguzi wa 2020 ulikuwa na majimbo 264, na ukiongeza wabunge wa viti maalumu na wengineo, ukumbi unajaa watu ambao kila mmoja ana zahanati isiyo na mganga na barabara inayokatika masika.

Jimbo la Bunda Vijijini lilizaliwa 2015, Bunda ya zamani ilipogawanywa na mji ukapata mbunge wake. Vijijini alichaguliwa Boniphace Mwita Getere wa CCM, akarudi tena 2020. Alikuwa miongoni mwa wabunge waliowasemea sana watu wa pembezoni mwa Serengeti kuhusu tembo, kiasi kwamba kwa wafuatiliaji wa Bunge jina lake na tembo vilikaribia kuwa kitu kimoja. Siandiki hapa kumpigia debe wala kumlaumu. Ninalotaka kulitazama ni njia ambayo kilio cha Mugeta hupita, na mahali kinapokwama.

Bunda, tukumbushane, si jimbo la watu wapole kisiasa. Mwaka 1995 Stephen Wasira, akiwa NCCR-Mageuzi, alimshinda Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Warioba akaenda mahakamani na ushindi ule ukatenguliwa, na kesi yao ikawa somo katika vitabu vya sheria. Miaka 20 baadaye Wasira, sasa akiwa CCM na waziri, alishindwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa CHADEMA. Watu wa huko wamezoea kumpima mbunge na kumbadilisha. Kwa hiyo anayetoka Bunda hawezi kukaa kimya Dodoma miaka mitano kisha akarudi na fulana za kampeni. Lazima asikike.

Lakini kusikika ni jambo moja, kusaidiwa ni jingine.

Chukua hesabu ya tembo wenyewe. Sensa ya angani ya ikolojia ya Serengeti na Masai Mara mwaka 1986 ilihesabu tembo 2,058 baada ya ujangili kuwamaliza. Biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ilipigwa marufuku 1989, doria zikaongezeka, na sensa ya 2014 ikakuta tembo 7,535. Tena hapo ndipo pana ajabu yake: katika miaka hiyohiyo tembo wa Tanzania nzima walikuwa wakiteketea, kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Serengeti ikawa kimbilio. Ni mafanikio ambayo nchi ina haki ya kujivunia, na Mawaziri wa Maliasili hujivunia. Ila eneo la hifadhi halikukua pamoja na idadi ya tembo, na watu wa kandokando nao wameongezeka; Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 2,372,015 katika sensa ya 2022. Wote wawili, tembo na mtu, wanautafuta mto uleule wakati wa kiangazi.

Mafanikio yale yana gharama, na gharama hiyo ina kanuni zake. Kanuni za 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ziliweka malipo kwa wanaodhuriwa na wanyama wakali na waharibifu. Kwanza angalia jina. Serikali haikuyaita fidia. Iliyaita kifuta jasho, kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi, kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Fidia ni haki ya mtu, unaweza kuidai mbele ya hakimu. Kifuta machozi ni rambirambi, na anayetoa rambirambi huchagua kiasi na siku.

Viwango vilikuwa hivi. Kifo, shilingi milioni moja. Mazao, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano hata kama umepoteza kumi. Na kiasi kilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: aliye mbali zaidi alipata zaidi, aliye karibu alipata kidogo, na aliye ndani ya mita 500 hakupata kitu. Mantiki ya watunga kanuni inaeleweka, kwamba usilime mlangoni mwa tembo. Lakini mwambie hivyo mzee ambaye babu yake alilima hapo kabla Serengeti haijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kabla Grumeti na Ikorongo hazijafanywa mapori ya akiba mwaka 1994. Atakuuliza ni nani aliyemfuata mwenzake.

Viwango hivyo vilidumu zaidi ya miaka kumi huku bei ya mbegu, dawa ya pamba na kibarua ikipanda kila msimu. Wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi, tangu Mara hadi Tunduru, walisimama awamu kwa awamu kudai vipandishwe na malipo yaharakishwe. Jirani zetu wa upande wa pili wa Serengeti, Wakenya, waliandika katika sheria yao ya 2013 shilingi milioni tano za Kenya kwa kifo. Kulipwa kwake ni hadithi nyingine, maana madai yamerundikana Nairobi pia. Walau huko mjane anajua anadai kiasi gani, na kwamba anadai.

Njia ya mlalamikaji wa Mugeta kufikia rambirambi hiyo ni ndefu kuliko njia ya tembo kufikia shamba. Anakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Afisa wa wilaya anatakiwa kuja kutathmini mabua yakiwa bado yamelala. Fomu zinapanda wilayani, zinafika Wizarani, zinasubiri. Ndipo mbunge anapoingia: si kwa kuleta fedha, bali kwa kuuliza fomu zimelala wapi.

Na jibu? Anayesoma Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa muda atagundua kuwa majibu ya Serikali yana lugha yake. "Serikali inatambua." "Upembuzi yakinifu unaendelea." "Fedha zikipatikana." "Namwomba Mheshimiwa Mbunge na wananchi wake wawe na subira." Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo uongo, na huo ndio uzuri wake kwa anayejibu. Mwakani swali hilohilo likirudi, jibu hilohilo litakuwa bado kweli.

Mbunge aliyechoka na lugha hiyo ana silaha chache. Kubwa ni kushika shilingi ya Waziri: wakati wa kupitisha bajeti ya wizara anatoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Mara nyingi maelezo hupatikana, shilingi hurudishwa, makofi hupigwa mezani. Silaha nyingine ni vituko. Mei 2022 Flatei Massay wa Mbulu Vijijini alipiga sarakasi katikati ya ukumbi akidai barabara ya lami ya jimboni kwake. Nchi ilicheka. Mimi sikucheka sana. Mtu mzima hangeanguka kichwa chini mbele ya Spika kama karatasi zake zingekuwa zinasomwa.

Watu wa Mugeta wana mfano wao wa barabara. Mkataba wa lami kutoka Makutano kupitia Butiama na Nyamuswa hadi Sanzate, kilomita 50, ulitolewa kwa muungano wa makandarasi wazawa mwaka 2013, na kazi ikaburutwa miaka. Lami hiyo hatimaye ilikuja. Niulize imeletwa na swali la nani, sitakujibu, kwa sababu barabara hujengwa na bajeti, mkandarasi, mvua na msukumo wa kisiasa kwa pamoja. Lakini bila jina la barabara hiyo kurudiwarudiwa katika kumbukumbu za Bunge, ningetilia shaka kama ingekuwa bado inakumbukwa.

Kumbukumbu hizo ndizo zinazonivuta. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha mijadala ya Bunge moja kwa moja, na kwa mtu wa kijijini huo ulikuwa mlango uliofungwa. Alibaki kutegemea kipande alichochagua mwingine. Hansard haikufungwa. Iko wazi, neno kwa neno, na tarehe yake. Anayeahidi leo kwamba askari wa wanyamapori wataongezwa, ahadi yake imo humo hata akihamishwa wizara kesho. Tatizo ni kwamba anayeisoma ni mwandishi, mtafiti na mpinzani anayetafuta pa kuchoma. Mtu aliyeahidiwa hajawahi kuiona.

Lakini mahali pa kumwonyesha papo: mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Nawaombeni watu wa Mugeta, na wa kila kijiji kinacholala dunguni: mbunge wenu akija, yeyote atakayekuwa, mpisheni atoe salamu na aeleze alivyosimama kidete. Kisha mwombeni karatasi ya jibu la Waziri, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, na tarehe yake ionekane.