Nyota tano za siku ya kwanza

Mteja wa Mwanza anaagiza shokapu mbili za mbele za Toyota IST kutoka kwa muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye hajawahi kumwona. Mzigo unapakiwa kwenye basi na kesho yake anaupokea stendi: umefungwa vizuri, boksi ni jipya, bei ni ile ile waliyokubaliana. Jioni hiyo hiyo anaandika, "Muaminifu sana, mzigo umefika salama," na kumpa muuzaji nyota tano. Shokapu zenyewe bado zimo ndani ya boksi.

Nyota hizo hazina udanganyifu wowote. Hakuna aliyezinunua, na mteja ameandika alichokiona. Tatizo ni kwamba zimepima usafirishaji, ufungaji na ulimi wa muuzaji. Anachotaka kujua mnunuzi anayefuata, yaani kama shokapu zitavumilia matuta na mashimo mwaka mzima au zitaanza kuvuja kabla ya miezi minne, hakijapimwa na yeyote. Kwa hiyo anayesoma sifa za muuzaji wa spea asianze kwa kuuliza nyota zipo ngapi. Aanze kwa kuuliza zilitolewa lini, na aliyezitoa alikuwa amekwisha kujua nini.

Kwa nini kizuri hakijiuzi

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kazi iliyoanzia hapo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake inaeleweka kwa mfano wa magari mawili yanayofanana rangi, mwaka na umbo. Moja ni zima na thamani yake ni shilingi milioni 12. La pili injini imechoka, thamani yake milioni 6. Wenye magari wanajua lipi ni lipi, mnunuzi hajui. Akiwa na busara atataja bei ya katikati, milioni 9. Mwenye gari bovu atakubali haraka, na mwenye gari zima atarudi nalo nyumbani. Sokoni yanabaki mabovu, wanunuzi wanaligundua hilo, na bei inazidi kuporomoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akerlof alionyesha kuwa msemo huo una sharti: mnunuzi awe na uwezo wa kukitambua kizuri. Asipoweza, kizuri kinafukuzwa sokoni na kibaya.

Madukani tulikuwa na kinga yetu. Iwe Gerezani, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka mjini Kampala, fundi wako ndiye anayekupeleka kwa mtu anayemjua, na ukiuziwa feki unajua kesho umfuate wapi. Biashara ya mtandaoni ilikata uhusiano huo. Soko la eBay, lililoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, lilitafuta mbadala wake mapema mwaka uliofuata: baada ya kila biashara, mnunuzi na muuzaji wapeane alama ya +1, 0 au −1, na alama hizo zionekane na kila mtu. Nyota nyingi tunazobonyeza leo zinafuata wazo hilo.

Na zina thamani ya fedha. Paul Resnick na wenzake walifanya jaribio, wakalichapisha mwaka 2006: muuzaji mmoja wa postikadi za kale aliuza bidhaa za aina moja, mara kwa jina lake lenye sifa ya miaka, mara kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa lile jina la zamani.

Kuogopa kumharibia mtu riziki

Lakini sifa hizo zina walakini wa tangu zamani. Resnick na Richard Zeckhauser walipochunguza biashara za eBay za mwaka 1999, waliona kwamba zaidi ya asilimia 99 ya alama zilizotolewa na wanunuzi zilikuwa nzuri, na karibu nusu ya wanunuzi hawakutoa alama kabisa. Haiwezekani soko la vitu vilivyotumika liwe na wateja walioridhika kiasi hicho. Sehemu ya maelezo ni woga: ukimpa muuzaji alama mbaya, naye alikuwa na uwezo wa kukulipiza. Mwaka 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya.

Kwetu hakuna haja ya tishio la kulipiziwa. Mtu aliyeuziwa breki pedi zilizoisha ndani ya wiki chache atalalamika kwa fundi, kwa mke wake na kwa jirani, lakini mbele ya watu atanyamaza, kwa sababu hataki kuonekana anamharibia mwenzake riziki. Ni adabu njema, ila gharama yake anaibeba mnunuzi anayefuata. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 ambaye kitabu chake cha Riyadh as-Salihin kinasomwa sana Afrika Mashariki, alitaja sababu sita zinazoruhusu mtu kusemwa asipokuwepo. Mojawapo ni kuwaonya watu na kumpa nasaha anayetaka kufanya biashara naye. Kusema kwa haki, kwa kiasi cha jambo lilivyo, kunatofautiana na kusengenya.

Ukimya wenyewe nao ni habari. Wanauchumi Chris Nosko na Steven Tadelis, kwa kutumia takwimu za eBay, walipendekeza sifa nzuri zigawanywe kwa idadi ya biashara zote alizofanya muuzaji, zikiwemo zile ambazo mteja hakusema kitu. Wazo lao ni kwamba baadhi ya wanaonyamaza ni watu wasioridhika wanaokwepa ugomvi. Muuzaji aliyeuza mara 500 na kusifiwa na watu 60 si sawa na aliyeuza mara 80 na kusifiwa na 60, hata kama wote wawili wanaonyesha nyota tano.

Bampa, breki pedi na oili

Si kila spea inakadirika kwa namna moja. Mwaka 1970 Phillip Nelson alitenganisha bidhaa ambazo ubora wake unaonekana kabla ya kununua na zile ambazo ubora wake unajulikana baada ya kuzitumia. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni waliongeza kundi la tatu: bidhaa ambazo hata baada ya kuzitumia mteja hana njia rahisi ya kujua alipata nini.

Spea za magari zimo katika makundi yote matatu. Bampa, taa, rimu na vioo vya pembeni ni vya macho: ukivipokea unajua kama vimepasuka au vina rangi tofauti. Nyota za siku ya kwanza zinatosha hapo. Breki pedi, bushi, betri na shokapu ni vya matumizi, na vinataka kilomita nyingi kabla ya kuhukumiwa. Oili ya injini, oili ya gia boksi ya CVT, filta na mkanda wa taimingi ni vya imani. Oili isiyofaa haiizimi injini leo. Inaila polepole, na siku gari linapogoma hakuna anayekumbuka lile galoni la mwaka jana. Ukikuta muuzaji wa oili anasifiwa na mamia ya watu kwamba "oili yake ni bora", jiulize ni wangapi kati yao wanayo njia ya kujua.

Halafu kuna fundi. Shokapu nzima ikifungwa vibaya itapiga kelele, na bushi ya kopi iliyofungwa na fundi makini inaweza kupita mwaka. Mteja akitoa nyota moja, mara nyingi hajui anamhukumu muuzaji, kiwanda au gereji.

Tumezoea kuona namna nyingine ya kukadiria bila kuitafakari: karatasi ya mnada inayokuja na gari lililotumika kutoka Japani. Anayeijaza ni mkaguzi, na hukagua kabla gari halijauzwa. Anatoa daraja la jumla kama 4.5, 4 au 3.5, au R kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kisha, juu ya mchoro wa gari, anaandika alama mahali penye kasoro: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, XX ni sehemu iliyobadilishwa, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa wa kasoro. Mnunuzi mzoefu hulitazama daraja kisha huhamia kwenye mchoro, kwa sababu humo ndimo anamoona ni mlango upi umebonyea. Maoni ya mteja yanayosaidia yanafanana na mchoro huo kuliko daraja.

Hesabu ya nyota chache

Muuzaji wa kwanza ana sifa 3, zote nzuri: asilimia 100. Wa pili ana 200, na 192 kati yake ni nzuri: asilimia 96. Ukipanga kwa asilimia tupu, mgeni anakaa juu. Mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre-Simon Laplace, alituachia kanuni inayosahihisha jambo hili: ongeza 1 kwenye idadi ya mazuri na 2 kwenye jumla, kisha gawanya. Wa kwanza anapata 4 kwa 5, yaani asilimia 80. Wa pili anapata 193 kwa 202, zaidi kidogo ya asilimia 95. Kanuni hiyo haimtuhumu mgeni. Inasema tu kwamba bado hatujamjua.

Upo pia uongo wa wazi. Mwaka 2022 Amazon iliwashtaki wasimamizi wa vikundi zaidi ya 10,000 vya Facebook, ikidai vinatafuta watu wa kuandika sifa za uongo kwa malipo. Marekani ilianza kutumia kanuni ya kupiga marufuku sifa za kununuliwa Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata kwa sheria iliyoanza kufanya kazi Aprili 2025. Dalili hazijifichi sana: sifa nyingi zinazofika kwa siku mbili tatu kisha kimya, maneno yanayofanana, na majina ambayo hayajawahi kusema lolote zaidi ya kusifia. Na muuzaji aliyechafuka anaweza kutupa jina na kufungua jingine. Pale ambapo jina jipya halina gharama, kila mgeni hulipia kosa la wale waliokimbia majina yao.

Hapo ndipo vikundi vya wapenda magari vinapoyazidi masoko makubwa. Wenye Subaru au wenye Mark X wanatumia gari moja, wanasumbuliwa na ugonjwa mmoja, wanakutana barabarani, na jina la mwanachama limejengwa kwa miaka. Udhaifu wao uko kwa wasimamizi. Ikiwa muuzaji analipia tangazo la kikundi, au msimamizi mwenyewe anauza spea, angalia malalamiko yanakwenda wapi. Kikundi kisicho na lalamiko hata moja kinahitaji kuulizwa nani anafuta.

Maoni mawili badala ya moja

Marekebisho ninayoyapendekeza ni madogo. Kila ununuzi wa spea upewe maoni mawili yasiyochanganywa. Ya kwanza yaandikwe mzigo unapofika: je, kilicholetwa ndicho kilichoagizwa, kwa wakati na kwa bei ile? Ya pili yaandikwe baada ya miezi mitatu au kilomita 5,000, na yataje aina ya gari na msimbo wa chesisi, kwa mfano NCP60, namba ya spea, chapa, bei, nani alifunga, na hali yake sasa. Kama iliharibika, yaseme muuzaji alifanya nini alipoambiwa. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko nyota zote, maana kila anayeuza vitu vingi ataletewa kibovu siku moja. Kinachomtofautisha mtu ni kama alibadilisha, alirudisha fedha, au alizima simu.

Anayepoteza zaidi kwa utaratibu wa sasa ni muuzaji wa spea orijino. Siku ya kwanza boksi lake na la feki vinafanana, ila lake ni ghali, hivyo anaweza hata kupata nyota pungufu. Spence, yule aliyeshiriki Nobel na Akerlof, alieleza kuwa ishara ya ubora huaminika pale inapokuwa nafuu kwa mwenye kitu kizuri na ghali kwa mwenye kibaya. Ishara hiyo muuzaji anaweza kuitoa leo bila kusubiri msimamizi: ampigie simu mteja wa miezi mitatu iliyopita, amuulize spea inaendeleaje, kisha amwombe aliandike jibu hilo hadharani, lolote liwalo. Kwa mwenye spea nzuri, gharama ni dakika chache za maongezi. Mwenye feki hathubutu kupiga simu hiyo.