Darasa Moja Lililokamilika: Namna ya Kupanga na Kulipia Ujenzi wa Shule Yetu



Ni nani kati yetu hajapita karibu na shule akaona kuta zilizoishia kwenye linta, nyasi zimeota ndani na mbuzi wamejikinga mvua humo? Ukiuliza utaambiwa, "Ah, hiyo ni ile harambee yetu. Pesa ziliisha."

Mimi mwenyewe nina kuta kama hizo moyoni. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilitumwa kusaidia shule moja ya msingi mashambani. Harambee ilikwenda vizuri. Watu walitoa kuku, mahindi, na kina mama wakatoa pesa za chama chao. Siku ya kuamua, wengine walisema tujenge darasa moja. Mimi nikasimama nikasema, "Hapana, tuanze matatu kwa pamoja, watu wakiona kazi imeanza watatoa zaidi." Wakanipigia makofi. Baada ya miezi minne pesa zilikwisha. Mifuko ya simiti iliyobaki ikagandia stoo. Mvua ikala udongo wa kuunganishia mawe. Hakuna aliyetoa zaidi, kwa maana nani atatia pesa mahali ambapo za kwanza hazionekani? Nyanya mmoja akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, tuliuza kuku zetu tujenge zizi la mbuzi?" Sikuwa na jibu.

Jibu ninaloweza kumpa leo ni hili: pesa hazikuwa chache, mpango ndio haukuwapo. Hebu tuangalie hatua kwa hatua, ili kikundi chako kisirudie kosa langu.

HATUA YA KWANZA: TEMBEENI SHULE NZIMA

Kabla ya kutaja pesa, tembeeni. Aende mwalimu mkuu, mzazi wa kila kijiji, fundi mmoja mnayemwamini, na watoto wawili watatu wa darasa la juu. Waulizeni wasichana wenyewe kuhusu vyoo. Wanajua mambo ambayo kamati ya wanaume haitayaona.

Andikeni kila kitu, kisha mgawe katika mafungu manne:

1. Yanayohatarisha maisha: ukuta wenye ufa, paa lililolegea, choo kinachotitia.
2. Yanayoleta magonjwa: ukosefu wa vyoo na maji, sakafu ya vumbi inayozalisha funza.
3. Yanayozuia masomo: darasa lililojaa kupita kiasi, giza, paa linalovuja.
4. Ya kupendeza: rangi, geti, maua.

Fungu la kwanza ndilo linaloanza, hata kama geti ndilo litakalopigwa picha. Mwezi wa Septemba 2019 jengo la madarasa liliporomoka jijini Nairobi asubuhi na watoto wakafa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa shule, usipoziba ufa unaweza kuzika mtoto.

Mkikuta paa la zamani la asbesto, msilivunje wenyewe. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Pelekeni habari kwa ofisi ya mazingira, NEMA, wawaelekeze namna ya kuliondoa.

Kumbukeni pia kwamba si kila kilio kinahitaji jengo jipya. Mara nyingi sakafu ya simiti na madirisha mapana katika darasa la zamani huwasaidia watoto wengi kwa pesa kidogo kuliko darasa jipya.

HATUA YA PILI: ARDHI NI YA NANI, NA MRADI NI WA NANI?

Ulizeni hati ya shamba la shule iko wapi. Usijenge nyumba ya mawe juu ya maneno ya mdomo. Wengi wanakumbuka Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipopigwa gesi ya machozi wakidai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Kama ilitokea mjini mbele ya kamera, huko kwetu je? Kama ardhi ni ya kanisa, basi liandikwe wazi, na mfadhili na shule wote wawe na nakala.

Jambo lingine: kikundi chetu hakiwezi kuamka na kujenga ndani ya shule ya umma bila kuuliza. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, shule inasimamiwa na Bodi ya Usimamizi. Kwa hiyo mradi ni wa bodi, sisi ni wasaidizi. Ombeni mkutano na bodi, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu. Halafu ichaguliwe kamati ndogo ya ujenzi yenye watu wa bodi, wazazi na kikundi. Kina mama wawemo, tena si kwa kupika chai tu.

HATUA YA TATU: RAMANI NA MAKADIRIO

Hapa ndipo wengi wetu huruka. Tunamwambia fundi, "Jenga kama lile la pale." Basi anajenga, na baadaye ofisa anakuja kusema milango imegeuzwa vibaya.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka wa 2008. Darasa linatakiwa liwe kama mita 7.5 kwa mita 6, la watoto wasiozidi 40 wakikaa wawili wawili. Milango ifunguke kwa nje, ili moto ukizuka watoto wasibanane ndani. Madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia mtu kutoka.

Kwa vyoo, hesabu inayotumika ni tundu moja kwa wasichana 25 na tundu moja kwa wavulana 30, na wavulana wawe na mahali pao pa kukojolea. Basi shule yenye wasichana 125 na wavulana 120 inahitaji matundu 5 ya wasichana na 4 ya wavulana. Hesabuni ya kwenu kabla ya kufikiria darasa jipya. Tangu gredi ya 7 ilipoanza katika shule zetu mwaka wa 2023, watoto wakubwa wameongezeka uani, na vyoo ni vilevile.

Mwombeni ofisa wa ujenzi wa serikali awape ramani na makadirio ya gharama, na ofisa wa afya aonyeshe mahali pa vyoo, mbali na kisima. Makadirio yaandikwe kitu kwa kitu. Angalieni vinavyosahaulika: usafiri wa mchanga, maji ya kujengea, misumari, vioo, kufuli, mifereji ya paa, madawati. Kisha ongezeni sehemu ya kumi juu, kwa sababu bei ya simiti haingoji kikao.

HATUA YA NNE: KATENI MRADI VIPANDE VINAVYOTUMIKA

Hili ndilo neno ninaloomba mlishike hata mkisahau mengine. Kila kipande cha mradi kiishe na kitumike chenyewe. Msikate mradi kwa kusema "mwaka huu misingi ya madarasa matatu, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu paa." Msingi haumfundishi mtoto. Kateni hivi: "Mwaka huu darasa moja, toka msingi hadi mlango, watoto waingie."

Na sharti lake ni hili: jembe lisichimbe msingi kabla pesa za kufika kwenye paa hazijawa benki, au ziwe zimeahidiwa kwa barua yenye sahihi. Ahadi ya jukwaani si pesa. Tuliona hayo wakati mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Wazazi waliambiwa wajenge karakana na madarasa ya darasa la nane haraka haraka, na katika shule nyingi karakana zile hazikumalizika.

HATUA YA TANO: VYUNGU VINNE VYA PESA

Msitegemee chungu kimoja.

Chungu cha kwanza ni chetu wenyewe. Mawe, mchanga, maji, kuchimba msingi, chakula cha mafundi: vyote ni pesa. Viandikeni kwa thamani yake. Mfadhili akisoma kwamba jamii imeshatoa robo ya gharama, anajua anaongea na watu walioamka.

Chungu cha pili ni wazazi. Hapa tuwe waangalifu. Sheria ya 2013 inasema mtoto wa shule ya umma hatozwi karo ya masomo, na malipo mengine lazima yaidhinishwe na wizara. Hata yakiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kulipa. Mchango wa ujenzi uwe wa hiari. Mjane asiye na kitu alete siku moja ya kubeba maji, na jina lake liandikwe kama la mwenye elfu kumi.

Chungu cha tatu ni serikali. Wizara hutoa pesa za majengo ya shule. Muulizeni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Madarasa ya chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti kwa Katiba ya 2010, basi msiyatafutie pesa kwa wizara. Mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, CDF, ulianza mwaka wa 2003 na umejenga madarasa mengi. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake ya 2015 inapingana na Katiba, ikaweka mwisho wa mfuko kuwa tarehe 30 Juni 2026. Kwa hivyo ulizeni kwanza ofisini mambo yamefika wapi kabla ya kuweka tumaini huko.

Chungu cha nne ni marafiki: parokia na jimbo, waliosoma hapo zamani, benki na kampuni za karibu. Barua yenu iwe ya kurasa mbili tu: shida ni nini, watoto ni wangapi, tumefanya nini wenyewe, tunaomba nini, na nani atasimamia. Ambatanisheni makadirio, nakala ya kumbukumbu za bodi na cheti cha kikundi. Kama kikundi hakijasajiliwa, kisajilini kwanza katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kufuatana na sheria ya vikundi ya 2022.

HATUA YA SITA: MALI BILA DAFTARI

Hupotea bila habari, sote tunajua. Pesa za mradi zisikae nyumbani kwa mtu, hata akiwa katekista. Zikae benki, na sahihi ziwe tatu. Kila shilingi iwe na risiti. Mkinunua vitu, tafuteni bei kwa maduka matatu, mwandike kwa nini mmechagua moja. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea vitu stoo.

Fundi alipwe kwa kazi iliyopimwa, si kwa siku wala kwa kulia shida. Msingi umekwisha, umekaguliwa, analipwa. Kuta zimefika linta, analipwa. Sehemu ya kumi ibaki mpaka mvua moja ipite na ionekane paa halivuji.

Halafu bandikeni hesabu ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili, ili hata mzee aliyetoa shilingi hamsini asome au asomewe. Siri ndiyo huzaa uvumi, na uvumi huua mradi kuliko ukosefu wa pesa.

HATUA YA SABA: KAZI IWE YA KUDUMU

Mambo machache ya kuangalia, hata kama wewe si fundi. Tia mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu, rudisha mchanga huo. Zege la sakafu au linta ni karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Likishamwagwa linyweshwe maji siku saba. Kwa mabati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, kwa hiyo usidanganywe na namba kubwa. Mbao za paa zifungwe kwa vyuma vilivyozikwa ukutani, la sivyo upepo utalibeba.

Wekeni mifereji na tangi tangu mwanzo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa moja, kama mita 45 za mraba, likipata milimita 100 za mvua hutoa lita 4,500. Hata zikipotea kidogo, mtapata zaidi ya lita 3,500 za watoto kunawa mikono.

Tena kila mwaka tengeni pesa kidogo za matengenezo: msumari mmoja leo, bati moja kesho.

Nimalizie habari ya zizi la mbuzi. Miaka mitatu baadaye tulikaa tena chini ya mwembe. Niliomba msamaha mbele ya watu. Tukaamua kuziacha kuta mbili na kumaliza moja tu. Ilichukua mwaka mzima. Siku watoto walipoingia, yule nyanya aliletewa kiti akaketi mlangoni, akatazama sakafu, akasema, "Sasa naona kuku wangu." Mwaka uliofuata watu walitoa zaidi kuliko harambee ile ya kwanza, na hatukupigia mtu magoti. Walikuwa wameona.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika shule yetu, ni jambo gani linaloweza kumuumiza mtoto kesho?
2. Hati ya ardhi ya shule iko wapi, na nani ameiona kwa macho yake?
3. Kuna jengo lililoachwa njiani hapa kwetu? Liliachwa kwa nini? Na kwa nini hivyo?
4. Ni kipande gani kimoja tunachoweza kumaliza mwaka huu, toka msingi hadi mlango?